Ombi la Kurudisha Kopo la Madame Beryl Likiwa Tupu

Auburn, Sydney
Jumatano, mtoto amelala (kwa sasa)

Kwa Mheshimiwa Mama,
Mtunga Sheria na Hakimu wa Nyumba Yetu,
Kadutu, Bukavu.
Kwa mkono wa Rodrigue, msomaji.

KUHUSU: KUFUTWA KWA SHERIA YA VYOMBO, AU KULEGEZWA KWAKE KABLA YA JUMAMOSI

Mama mpendwa na mheshimiwa,

Pokea heshima za binti yako wa pili, ambaye anakuandikia akiwa amesimama kwenye meza ya jikoni, maana akikaa tu anasinzia. Rodrigue, mdogo wangu, wewe unayesoma: soma kwa sauti, soma polepole, usiruke mistari na usiongeze maneno yako. Ukifika mahali pa kucheka, mwache Mama acheke kwanza.

Mama, simu zetu zote huishia kwenye "tuko salama, watoto wanakusalimu". Leo nimeamua kuandika, tena kwa Kiswahili cha barua, kile tulichoanzishiwa shuleni na ambacho siku hizi nakisikia kanisani tu. Sababu ni kwamba malalamiko nikiyasema kwenye simu, wewe huyageuza. Mara ya mwisho nilianza mimi kukulalamikia, na tulipoagana nilikuwa nimekuomba msamaha, na mpaka leo sijui wa nini. Barua haikatizwi. Barua haiulizwi, "Umekula lakini?"

Kwa hiyo nakushtaki, Mama. Nakushtaki kwa upendo, lakini nakushtaki.

Kwanza nikujulishe mtu. Hapa kwenye jengo letu la fleti, mlango unaotazamana na wetu ni wa mama mmoja mzungu, mjane, mwenyeji wa hapa hapa. Jina lake ni Beryl. Mimi namwita Madame Beryl, yeye ananiita "mpenzi", hata mbele ya bwana wangu. Usishtuke, hapa neno hilo wanampa kila mtu, mpaka dereva wa basi. Nilipotoka hospitali na huyu mdogo, Ange, Madame Beryl aligonga mlango akiwa amebeba kopo la plastiki, pana, lenye kifuniko cha buluu. Ndani mlikuwa na mafini. Mafini, Mama, ni vikeki vidogo vinavyookwa kila kimoja ndani ya kikaratasi chake, utadhani vimevaa sketi. Vyake vilikuwa na vipande vya tofaa na zabibu kavu, na mdalasini kwa mbali, kama mtu aliyejipaka marashi juzi. Nilikula hapo hapo mlangoni, kimoja, cha pili, nikachukua na cha tatu. Nililia pia, lakini nesi alisema hiyo ni kawaida ya mzazi.

Madame Beryl akaniambia, "Usihangaike na kopo, mpenzi. Hamna haraka."

Alipogeuka tu kwenda kwake, sheria yako ikanikamata shingoni. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Sheria yenyewe. Katika nyumba uliyotulea, chombo cha mtu hakikurudi kitupu. Jirani akituletea sombe kwenye bakuli, bakuli lilirudi na ndizi, au na maharage, au na chochote. Sijasahau siku ile uliponirudisha kutoka mlangoni kwa Mama Furaha. Bakuli lake nilikuwa nimeliosha mpaka linang'aa, lakini halikuwa na kitu, kwa sababu na sisi hatukuwa na kitu. Uliniita kwa jina langu lote. "Nicole Chibalonza! Unaenda kuwaonyesha watu kwamba tumeisha?" Ukatia viazi vitatu, vibichi, na udongo wake. Nikaenda navyo nikiwa na aibu, na Mama Furaha akavipokea kama amepewa mbuzi.

Basi na mimi, na mshono wangu, na mtoto wa siku chache, nikakaanga mikate ya mafuta, nikajaza lile kopo, nikagonga mlango wa Madame Beryl. Nikarudi kulala nikijua nimemaliza. Kwetu ingekuwa imekwisha. Jirani wa Bukavu angeelewa: alitoa, nimeshukuru, tuko sawa mpaka Noeli. Madame Beryl hajui kwamba hapo ndipo mambo yanapomalizika. Yeye alifikiri hapo ndipo yanapoanza. Alikula mikate, akafurahi, akaosha kopo lake, akaoka tena, akagonga.

Unaona kosa la sheria yako, Mama? Ina mlango wa kuingilia na haina mlango wa kutokea. Kopo ni lake, kwa hiyo kila likija limejaa ni lazima lirudi limejaa, na kila likirudi limejaa yeye anaona ni lazima alilete tena. Tangu Ange alipokuwa hajui kushika kichwa chake mpaka sasa anapotambaa na kula soksi, hilo kopo halijapumzika. Na mimi pia.

2. Vyakula ulivyonifundisha havivuki ukumbi. Nilijaribu kumjibu kwa vya kwetu. Nilimpikia sombe, majani ya muhogo niliyotwanga mwenyewe, kwa mafuta ya mawese ambayo hapa unayatafuta kama dawa. Kesho yake nikamuuliza aliionaje. Akasema, "Ilivutia sana, mpenzi." Nimekaa hapa muda wa kutosha kujua kwamba mtu wa Australia akikwambia chakula chako kinavutia, hakukila. Asubuhi nikishusha takataka nilimkuta ndege mmoja wa hapa, mweupe, mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye kazi yake ni kufukua mapipa ya mji mzima. Alikuwa amesimama juu ya pipa letu anakula sombe yangu. Nitasema ukweli: aliila kwa heshima. Aliimaliza.

Sikumkasirikia Madame Beryl. Hata mimi jibini yenye ukungu wa buluu aliyoniletea nilimpa ndege huyo huyo. Lakini nikaona hapa hakuna njia, huyu mama nitamjibu kwa lugha yake. Nikanunua trei yenye mashimo, vikaratasi, na mdalasini kwenye duka la Waafghani karibu na stesheni, nikaamua kuoka mafini.

3. Sheria yako ya pili, ya kukoroga. Hii, Mama, ndiyo iliyoniaibisha kuliko zote. Wewe ulinifundisha kusonga bugali. Uliniambia donge moja kwenye bugali linatangaza mwanamke mvivu mpaka sokoni. Mimi mwiko nimeushika kabla sijaweza kuona ndani ya sufuria. Sasa mama wa kwenye video, aliyekuwa anafundisha mafini, anasema: changanya unga na maziwa na mayai mara chache tu, ukiona unga umelowa, acha. Acha na madonge yake. Anayaonyesha kabisa kwenye kamera, bila haya!

Nikamwonea huruma. Nikasema huyu hakulelewa, hana mtu wa kumkemea. Nikaketi chini, nikabana bakuli kwa miguu, nikashika mwiko kwa mikono miwili kama ulivyonionyesha, nikasonga. Nilisonga mpaka donge la mwisho likaomba msamaha. Unga ukawa laini, unavutika, unang'aa. Nikajisifu. Nikajipiga picha, Mama, mimi na ule unga, nikaituma kwa kina mama wa kanisa.

Vikatoka mawe. Sitanii. Bwana wangu, Mushagalusa, mtu mpole unayemjua, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala upande wa Villawood, na mchana hulala. Aliamka, akachukua kimoja, akakiuma, akakitoa mdomoni akakiangalia pande zote. "Mama Gloire," akaniuliza polepole, "hivi ni vya kula au tunaanza kujenga?" Gloire, mjukuu wako mkubwa, akaviviringisha kwenye sakafu, na vikafika mpaka bafuni.

Nikarudia. Nikasonga zaidi, maana nilifikiri kosa ni kwamba sikusonga vya kutosha. Nikaongeza moto wa oveni, ile kengele ya moshi ya kwenye dari ikaanza kulia, jengo zima likatoka nje. Bwana wangu, Papa Gloire, aliruka kutoka kitandani, akamkamata Ange mkono mmoja, Gloire mkono wa pili, akashuka ngazi mpaka barabarani akiwa na kaptula ya kulalia. Watu wakamsifu: baba gani huyu! Ni mimi tu niliyebaki jikoni na taulo nikiipepea kengele, nikijiuliza kama atakumbuka kwamba ana mke.

4. Sheria yako ya tatu, ya mkono mzito. "Kiungo cha kupima ni uchoyo." Hayo ni maneno yako. Basi nikatia mdalasini kwa mkono wa kwetu, na tangawizi, na karafuu, na kungumanga, ili Madame Beryl asije akafikiri tumeishiwa. Akauma kimoja mbele yangu. Macho yakamjaa machozi. Alimtaja Mungu, na si mtu wa kanisa. Alipomaliza maji ya kikombe cha pili akasema, "Vina joto, mpenzi."

Hakusema hata "vinavutia". Hapo nilijua nimefikia chini kabisa.

5. Madhara kwa familia. Tangu vita hivi vianze, nyumbani kwangu haliliwi tunda mpaka liharibike. Ndizi zimefungiwa juu ya kabati zingoje kuwa nyeusi, kwa kuwa ndizi nyeusi ndizo tamu kwa mafini. Gloire, ambaye ukimwongelesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, juzi alisimama chini ya kabati akaniuliza kwa hicho Kiingereza chake kama siku moja tunaweza kuwa familia ya kawaida, inayokula ndizi zikiwa bado za njano. Nilimpa kikeki.

Nikaomba ushauri kwa Mama Mirindi, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu. Akanicheka mbele ya watu. "Weye Nicole, unashindana na muzungu kwa mambo ya gato, vikeki tu? Mupatie kopo yake, sema merci, funga mulango!" Huyo huyo Mama Mirindi, Noeli iliyopita nilimrudishia sufuria yake bila kitu ndani, kwa haraka ya kwenda kujifungua, na habari ikafika kanisani kabla yangu. Nilipofika na mtoto mchanga, watu walianza kuniuliza sufuria kabla ya kuuliza jina la mtoto. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako, Mama. Mmetapakaa. Nilivuka bahari nikakuta mmeshafika.

6. Sasa kesi inakuwa mbaya zaidi: nimejua. Ndiyo. Nimejua kuoka mafini. Natia tofaa lililokatwa vipande vidogo, zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai, mdalasini kijiko cha chai kisichojaa, kungumanga ya kupitisha tu juu kama unamsalimia mtu na kuondoka. Vinatoka vimeinuka, laini, kahawia, na kila mtu hapa nyumbani ananyamaza anapokula. Wewe unajua ukimya huo.

Lakini sikujifundisha mwenyewe, na hili nalileta kama ushahidi. Baada ya vile vyenye joto, Madame Beryl hakuleta kopo. Alikuja mwenyewe, na kiti chake cha kukunja, maana magoti yake ni mabaya na viti vyetu ni vifupi. Akasema anataka kuona ninafanya nini humo ndani. Akamchukua Ange, akamlaza kifuani, akakaa kwenye kona ya jikoni. Mimi nikaanza kusonga. Akaniangalia. Kisha akanyoosha mkono wake, mwembamba, wenye mishipa, akauweka juu ya mkono wangu wenye mwiko.

"Basi, mpenzi," akasema. "Imetosha. Acha."

Mama, niliacha. Nilisimama pale na madonge yangu. Katika nchi hii kila mtu ananiambia niharakishe: kliniki, basi, kazi yangu ya kuwaogesha wazee ambayo inanisubiri nirudi, hata mashine ya kulipia dukani inanisemesha. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia imetosha. Na kweli ilikuwa imetosha. Ange alikuwa amelala kwenye kifua cha mtu mwingine, mikono yangu miwili ilikuwa haina kazi, na sikujua niiweke wapi.

Tangu siku hiyo anakuja kila ninapooka. Anaongea peke yake, nusu simwelewi, nusu hanielewi. Ananisimulia mumewe aliyekuwa fundi wa reli na hakupenda zabibu kavu. Mimi namsimulia wewe. Anakujua, Mama. Anajua habari ya viazi vitatu. Alicheka mpaka Ange akaamka.

7. Shtaka lenyewe. Madame Beryl anahama. Ngazi zimemshinda. Nyumba ameiuza, na Jumamosi mwanawe anakuja kumchukua akakae naye Perth. Perth iko nchi hii hii, lakini unapanda ndege asubuhi, unakula, unalala, unaamka, na bado hujafika. Jana aligonga mlango. Sasa nyumba yake ni maboksi tu, hata kiti cha kukunja kimeshafungwa kamba. Akasema: "Lile kopo langu, mpenzi, nirudishie tu likiwa tupu. Nimeshapakia kila kitu. Sina pa kuweka hata punje."

Likiwa tupu, Mama! Amelitamka hivyo, kwa mdomo wake, akitabasamu, kama si kitu.

Sasa kopo liko mbele yangu hapa mezani ninapoandika. Nimeliosha, nimelikausha, nimelifunga, nimelifungua. Nimetafuta kila upande wa sheria yako nikakuta inanibana pote. Nikilirudisha tupu, navunja sheria, na huyu mama ataondoka akidhani tumeisha. Nikilirudisha limejaa, atakula njiani, na kopo halitatoka Perth kuja kugonga mlango wangu kwa ajili ya kikeki. Hapo tutakuwa sawa, hakuna anayemngojea mwenzake. Sijawahi kuchukia kuwa sawa na mtu kama ninavyochukia sasa. Nisipolirudisha kabisa, mimi ni mwizi, na wewe hukuzaa mwizi, ulitueleza hivyo mara nyingi, hata siku ambazo hakuna aliyekuwa ameiba.

Ndiyo maana nasema sheria hii ni mbaya. Imemchukua mwanamke aliyekuwa anataka kulala tu, ikamfanya aoke, ikamfungulia mlango, ikamletea mtu ndani, ikamzoesha kusikia hatua za mtu kwenye ukumbi saa za asubuhi mtoto anapolia, halafu inamwacha na kopo. Kama ungenilea vibaya kidogo tu, siku ile ya kwanza ningerudisha kopo tupu, ningesema merci, ningefunga mlango kama anavyoshauri Mama Mirindi, na Jumamosi hii ingekuwa Jumamosi tu.

Kwa hayo yote naomba, kwa heshima na bila kurudi nyuma:

Kwanza, sheria ya vyombo ifutwe, mara moja, kwa watoto wako wote na wajukuu. Ikishindikana kufutwa, itolewe ruhusa maalum kwa jina langu, ya chombo kimoja, kifuniko cha buluu. Hilo nalo likishindikana, uje wewe mwenyewe Auburn kabla ya Jumamosi ulirudishe kopo kwa mkono wako, kwa kuwa sheria ni yako. Tena ukija, ulete sambaza, dagaa wa ziwa letu.

Pia naomba fidia: ya usingizi wangu, ya siagi, na ya kiuno changu, ambacho Papa Gloire anasema hakina shida yoyote lakini yeye si shahidi wa kuaminika.

Na usijitetee kwa kuniuliza bakuli lako. Najua utaniuliza. Bakuli lako la njano liko juu ya friji, lina soksi za Ange. Siku nilipoondoka kumfuata bwana wangu, ulinijazia sambaza za kukaanga, tukafika mpaka wa Rusizi, wa kuingilia Rwanda, na mbele ya shangazi yetu, tantine Mélanie, na watu wote wa basi ukaanza kupiga kelele: "Hilo bakuli ni langu! Nalitaka! Usinipotezee bakuli!" Mimi ninalia, wewe unadai bakuli. Sambaza hazikufika hata Kigali. Miaka yote hii kila tukiongea huachi, bakuli langu liko? Nimejiuliza sana, mama gani analipenda bakuli namna hiyo, la plastiki, lenye ufa kwenye mkono. Ninalitunza. Usibadilishe mada.

Nangoja uamuzi wako kabla ya Ijumaa. Rodrigue atume kwa sauti. Usinijibu "utaona mwenyewe", hilo si jibu, nimeliangalia pande zote.

Nisalimie tantine Mélanie na magoti yake, Mama Furaha na wajukuu, wanakwaya wote wa sauti ya pili, yule mama anayeuza mkaa hapo kona kama bado ananikumbuka, na kuku kama mnao. Gloire anasema kwa Kiingereza kwamba anampenda Koko, bibi yake. Ange hasemi kitu, ameamka, ananiangalia.

Niko chini ya miguu yako kama ilivyo desturi, ila safari hii kwa shingo upande,

Nicole Chibalonza, Mama Gloire,
mlalamikaji.

Nyongeza. Ni Jumamosi, mchana. Barua hii haikutumwa. Ange aliamka Jumatano na hakulala tena vizuri, anaota meno. Kwa hiyo uamuzi sikuupata kwa wakati, nikaamua mwenyewe, na ninakueleza kabla hujasikia kwa Mama Mirindi.

Asubuhi niliamka nikaoka. Tofaa, zabibu kavu, mdalasini kidogo. Nilikoroga mara chache, nikaacha na madonge yake. Kisha nikalitoa bakuli lako juu ya friji, nikamwaga soksi, nikaliosha, nikalijaza mafini mpaka juu. Mwanawe alikuwa ameshawasha gari. Madame Beryl amekaa mbele, mkoba kwenye mapaja, Gloire anamshika mkono dirishani. Akaniona, akaona bakuli, akauliza, "Na kopo langu, mpenzi?" Nikamwambia bado naliosha. Akanitazama, maana Jumatano, alipopita kumwona Ange, aliliona kwa macho yake limekauka mezani.

Nikamwekea bakuli mapajani. Nikamwambia, hili si langu. Ni la mama yangu. Analitaka, ana kelele nyingi juu yake, linangojewa Bukavu, haliwezi kupotea hata kidogo. Madame Beryl akapapasa ule ufa kwenye mkono wa bakuli. Hakusema "linavutia".

"Kwa hiyo," akasema, "itabidi nilirudishe mwenyewe."

"Hamna haraka," nikamwambia. "Mpenzi."

Basi Mama, ombi langu nalifuta. Sheria ibaki kama ilivyo, yote, pamoja na viazi, na kama unaweza iongeze nguvu ifike mpaka Perth. Pale mpakani Rusizi sasa nimekuelewa: si bakuli ulilokuwa unadai. Ungenieleza mapema nisingekushtaki, lakini nadhani usingepiga kelele vile kama ungeweza kueleza. Bakuli litarudi hapa kwanza, litapumzika kidogo, kisha nitakuletea mimi, na halitakuwa tupu. Mdalasini nitautia kwa mkono wako, mzito.

Rodrigue, kama umeanza kusoma kutoka mwanzo umekosea, ungeanzia hapa.

Soksi za Ange zimehamia kwenye kopo la kifuniko cha buluu. Zimeenea vizuri.